Mikebe Minne ya Udongo

Siku tuliyomzika mke wangu Rasoa, mchungaji alisoma historia ya maisha yake kutoka karatasi moja iliyoandikwa pande zote mbili, na alipofika kwenye ndoa akasema kwamba Mungu aliwajalia hawa wawili chumba Thika katika mwaka ambao vyumba havikupatikana. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, na aliyenijia kichwani hakuwa Mungu bali Bwana Pinto na samaki wake. Sikumsahihisha mchungaji. Mtu wa umri wangu huchagua ugomvi kama anavyochagua nyanya sokoni, na huo haukufaa kubebwa nyumbani. Lakini tangu mahema yakunjwe na viti vya kukodi virudishwe (nilivihesabu mara mbili, na bado mwenyewe akadai kimoja), nimekuwa nikikaa sebuleni na chai inayopoa, nikiurudia mwaka ule mmoja. Aliyeujua pamoja nami amekwenda. Kwa hiyo nauandika. Si kwamba nina nguvu, ila nisipoandika utabaki ule wa mchungaji.

Ulikuwa mwaka wa Imajensi, mkoloni akipigana na watu wa msituni. Malori yalikuwa yakiwachukua Wakikuyu mtaa kwa mtaa, na sisi watu wa magharibi tulikuwa tukishuka kwenye garimoshi kujaza kazi zilizobaki wazi. Hatukuuliza mengi, tulikuwa vijana na tulikuwa na njaa. Mimi niliangukia kazi ya upishi nyumbani kwa Bwana Pinto, Mgoa, karani mkuu wa kiwanda kimoja hapo Thika, mtu mfupi mwenye suruali iliyopandishwa hadi kifuani, ambaye hakuwahi kuniuliza kama najua kupika. Aliniuliza kama nina mikono baridi. Nilimwambia ni baridi sana, maana sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka jibu hilo. Akanipeleka barazani. Huko kulikuwa na matangi ya vioo yaliyopangwa kwenye rafu kama mitungi ya peremende dukani, na ndani yake samaki wadogo, urefu wa kidole cha mwisho, madume yakiwa na magamba ya samawati na mikia myekundu kama iliyochovywa kwenye wino wa mwalimu. Majike yalikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nilihesabu tangi la kwanza nikapata kumi na moja, nikarudia nikapata kumi na nne. Bwana Pinto akacheka, akasema huyo mtu anayehesabu mara mbili ndiye anamtaka.

Hao samaki walikuwa wa madimbwi ya pwani, yale yanayojaa mvua ikinyesha na kukauka jua likiwaka. Ndugu yake aliyefanya kazi bandarini Mombasa ndiye aliyemletea wa kwanza. Mvua ikiisha samaki wote hufa, hata uwalishe kama gavana. Umri wao ni wa miezi, basi. Lakini kabla ya kufa, dume na jike huzama pamoja kwenye matope na kuacha mayai humo, na mayai hayo hukaa ndani ya udongo mkavu, miezi na miezi, yakingoja. Mvua ikirudi, yanaanguliwa. Bwana Pinto alikuwa akiweka bakuli la udongo laini, mweusi, chini ya tangi, anawaacha wazame humo, kisha anautoa udongo, anaukamua kwa kitambaa, anauanika kivulini mpaka unakuwa kama ugoro wenye unyevu kidogo tu, na kuutia kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Mayai yenyewe sikuyaona vizuri hata siku moja. Yalikuwa kama punje za semolina zilizotengenezwa kwa kioo.

Chakula cha samaki kilikuwa viluwiluwi vya mbu. Serikali ilikuwa ikimwaga mafuta kwenye kila mtaro Thika ili mbu waishe, na mimi, nadhani peke yangu katika wilaya nzima, nilikuwa nikifuga mbu kwenye pipa nyuma ya jiko. Bwana afya alipokuja nililifunika pipa kwa gunia, nikalikalia, nikamenya vitunguu hadi akaenda. Ijumaa familia ya Pinto ilikula samaki wa nazi na siki, mezani hapo hapo barazani, na wale wa kwenye vioo wakisogea mbele kutazama. Kutoka jikoni niliwasikia mume na mke wakibishana kwa lugha yao, na maneno niliyoyashika yalikuwa mawili tu, Goa na samaki. Mama Pinto alitaka kwenda Goa. Bwana Pinto alikuwa na samaki. Ilichukua Ijumaa kadhaa, na mama akashinda, kwa sababu ilikuja habari kwamba mama mzazi wa Bwana Pinto anaumwa huko.

Mimi nilikuwa na haja yangu. Nilikuwa nimemwoa Rasoa nyumbani Bunyore kabla tu ya kuja, na Thika nililala chumba cha makapera, wanaume wanne, kila mmoja na kona yake na harufu yake. Mke hakuruhusiwa humo. Rasoa alikuwa amekuja kwa kibali cha kutembelea ndugu, akakaa Ruiru kwa dada yake mkubwa, Selina, ambaye mume wake alikuwa fundi wa mashine kwenye shamba la kahawa. Alikuwa na mimba changa. Kibali kilisema akae hadi atakapojifungua, kisha arudi Bunyore na mtoto, na mimi nibaki na wale wanaume watatu. Dawa ilikuwa moja tu: chumba cha wenye ndoa katika nyumba za kiwanda, na aliyekuwa akipeleka majina kwa mzungu mkubwa alikuwa karani mkuu.

Kwa hiyo Bwana Pinto aliponiita barazani, nilikuja nikiwa tayari.

"Sikia, Zakayo," akasema. "Mimi nakwenda Goa miezi sita. Samaki hii yote nakufa. Mimi narudi, hakuna. Lakini udongo hapana kufa. Wewe naweka udongo."

Karani wa muda atakayehamia katika nyumba ile alikuwa amekwisha kusema hataki kuona hata ndoo ya maji barazani. Kulikuwa na mikebe minne. Nikamwambia naweza kuitunza kama mboni ya jicho, ila mtu mwenye mawazo ya mke wake huweza kusahau mkebe. Alinielewa upesi, mtu hawi karani mkuu bure. Akasema samaki wakitoka kwenye udongo, atalipeleka jina langu. Nikauliza wakitoka wangapi. Akasema kumi. Nikasema hata kuku halalii mayai kumi yakaanguliwa yote. Tulisimama pale mpaka Mama Pinto akaja kuuliza kama kuna mtu amekufa, na tukaishia sita. Sita wazima, chumba. Watano, pole yangu.

Chumba changu cha makapera hakikufaa kuweka mkebe. Askari walikuwa wakikipekua mara kwa mara, wakimwaga kila kitu sakafuni, hata chumvi. Niliamua kuipeleka Ruiru kwa Selina, niliifunga nyuma ya baisikeli ya kuazima, na kabla ya kufika Ruiru nikasimamishwa kwenye kizuizi. Homugadi, mlinzi wa upande wa serikali, aliyenisimamisha alikuwa Mkikuyu wa makamo, koti la jeshi limempwaya, rungu mkononi. Akafungua mkebe wa kwanza, akaona udongo. Akaufunga. Akaniangalia kwa namna nyingine kabisa. Wakati huo kila mtu alijua kwamba viapo vya msituni vililiwa kwa udongo, na mimi nilikuwa na mikebe minne.

"Hii ni ya nini?"

"Samaki, mzee."

Nikaona mara moja kwamba ukweli umeniharibia. Aliniambia nimwonyeshe hao samaki. Nikasema bado hawajatoka. Akauliza wako wapi. Nikasema humo ndani, wanangoja mvua. Nilikuwa nikijisikia mwenyewe, na kama ningekuwa yeye ningenifunga. Lakini niliona kitu: tangu aufunge ule mkebe, alikuwa akipangusa vidole kwenye koti, tena na tena. Alikuwa akiuogopa ule udongo. Basi nikafungua kamba, nikamwambia kwa upole kwamba kama ana shaka achukue yeye, mikebe yote, ampelekee mkubwa wake, mimi nitamfuata nyuma. Nikaunyosha mkono na mkebe. Akarudi hatua. Akasema mimi ni mwendawazimu kutoka Kavirondo, huko kwetu magharibi, na wendawazimu hawana kambi ya kufungiwa, nipite. Nikapita. Nilipopinda kona nilishuka kwenye baisikeli, nikahesabu mikebe.

Nyumba ya Selina ilikuwa katika mistari ya nyumba za wafanyakazi, karibu na mahali maganda ya kahawa yalipotupwa kuoza, kwa hiyo kila kitu mle kilinuka kama pombe iliyosahauliwa. Tulikula ugali wa wimbi na mrenda, na nikawaeleza juu ya mikebe. Selina alicheka hadi akaweka tonge chini.

"Shemeji, samaki wa kukaa kwenye vumbi? Wagoa wamekuchezea."

Rasoa hakucheka. Aliinama akafungua mkebe mmoja, akaunusa, akafumba macho. "Unanuka kama mvua ya kwanza," akasema. Nilifurahi, nikadhani ameelewa. Nikaisukuma mikebe chini ya kitanda, nikasema isiguswe, na nikarudi Thika kwa karani wa muda, ambaye alitaka mayai ya kukaanga kila asubuhi na hakutaka kuzungumza.

Nilikuwa nikienda Ruiru Jumapili nilipopata pasi ya kusafiri. Miezi ilivuta miguu. Mimba ilikua, na kila nilipokuja nilihesabu mikebe chini ya kitanda, minne, na tena, minne. Hesabu yangu ilikuwa safi. Kitu ambacho sikufanya ni kuinua, na Jumapili moja, nikiwa nafagia kwa sababu Selina alikuwa amesema mgongo unamuuma, niliuinua mmoja ukaja mwepesi kama kofia. Wa pili vile vile. Wa tatu ulikuwa na alama za vidole ndani, kama sufuria iliyorambwa na watoto. Wa nne tu ulikuwa na udongo, na si wote.

Rasoa alikuwa nje akichambua mboga. Nilitoka na mkebe mtupu mkononi.

"Rasoa, udongo uko wapi?"

"Niliuonja."

"Umeonja mikebe mitatu."

"Nilikuwa naonja kidogo kidogo."

Sasa mtu wa pwani au mzungu angeshangaa, lakini mimi nilikulia kati ya wanawake, na nilijua kwamba mwenye mimba hutamani udongo kuliko nyama, na udongo uliochujwa laini, wenye harufu ya mvua, umefungiwa chini ya kitanda chake mwenyewe, ulikuwa kama zawadi niliyomletea mimi mwenyewe. Selina alitoka jikoni, ule mgongo umepona ghafla, akasimama kati yetu. Akaniambia nimwache mdogo wake. Yeye mwenyewe kwa mtoto wa pili alikula ukuta wa jikoni hadi mume wake akaukandika upya, na hakuna aliyemletea maneno. "Na ulikuwa ukuta wa kampuni," akaongeza.

Nikawaambia basi, kwaheri chumba. Hapo Rasoa akaacha mboga. Hakuwa ameamini habari ya mayai, lakini sasa aliniona uso, akaamini yote kwa mpigo mmoja. Akaweka mkono juu ya tumbo, akasema kwa sauti ndogo.

"Umesema yakipata maji yanatoka."

"Ndiyo."

"Na mtoto si anakaa ndani ya maji?"

Selina akakaa chini. Mimi nilitaka kucheka na sikuweza, kwa sababu sikuwa na uhakika. Bwana Pinto hakuwa amegusia jambo hilo. Nilimwambia samaki hao wanataka maji ya mvua, hayo mengine hawayajui. Nilisema tu ili alale. Matokeo yake ni kwamba tangu siku hiyo hakunywa tena maji ya kukinga kwenye bati, ila chai iliyochemshwa hadi ikawa nyeusi, na alikuwa akinywa akiwa amesimama, nadhani ili ishuke haraka. Miaka mingi baadaye, watoto wakiwa wakubwa, bado tulikuwa tukilicheka jambo hilo, lakini yeye alikuwa wa kwanza kuacha kucheka. Alikuwa ameogopa wiki nyingi, peke yake, kati ya watu waliomwona mchekeshaji. Sikulifikiria hilo vya kutosha wakati ule. Nilikuwa nikifikiria namba sita na mkebe mmoja pungufu.

Bwana Pinto alirudi amekonda, na kitambaa cheusi mkononi. Alikuwa amemzika mama yake. Nilikuwa nimetunga maelezo mazuri, yenye panya ndani yake, lakini Rasoa alikataa niyapeleke. Alisema aliyekula ni yeye, na kama ni kunyimwa anataka kunyimwa akiwa amesimama pale. Alikuja na garimoshi kutoka Ruiru, tumbo mbele, akasimama barazani kati ya matangi makavu.

"Bwana, nimekula udongo yako."

Bwana Pinto alimtazama, akanitazama, akamtazama tena. "Umekula samaki yangu?"

"Nimekula udongo. Samaki sikuona."

Nilisubiri kelele. Alikaa kwenye kiti chake cha mkeka, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza mtoto ni lini. Rasoa akasema karibu. Bwana Pinto akasema mama yake alimwambia kwamba alipokuwa na mimba yake alikula chaki za shule, boksi zima, na ndiyo sababu yeye ni karani. Hakucheka aliposema hivyo. Akanituma nilete beseni la kioo na maji ya mvua kutoka pipani.

Tukamwaga mkebe wa nne. Udongo ulielea juu, ukalowa, ukazama. Hakuna kilichotokea. Bwana Pinto akasema tuache hadi asubuhi, na Mama Pinto akamtandikia Rasoa mkeka stoo, jambo ambalo lilikuwa kinyume cha sheria na hakuna aliyelitaja. Asubuhi nilipofika kutoka makapera niliwakuta wote watatu wameinama juu ya beseni kama watu wanaosali. Ndani ya maji kulikuwa na nyuzi. Kila uzi ulikuwa na macho mawili.

Bwana Pinto alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Tano."

Nikahesabu. Watano. Nikarudia, kwa sababu ndivyo nilivyo, na mara hii nikaangalia chini.

"Sita, Bwana. Huyo pale."

"Huyo hapana ogelea. Huyo nalala chini. Kilema. Huyo hapana hesabu."

"Yuko hai?"

"Iko hai."

"Anakutazama?"

Bwana Pinto akainama zaidi. Yule wa chini alikuwa ameegemea tumbo, akajivuta kidogo, akaanguka, akajivuta. Wengine hutoka hivyo, hawajazi hewa tumboni, na hawaishi sana. Nilijua hilo na Bwana Pinto alijua. Lakini hatukuwa tumepatana waogelee. Tulikuwa tumepatana watoke. Nilimwambia hivyo, kwa heshima, mikono nyuma. Rasoa alikuwa ameshika ukingo wa meza. Bwana Pinto akasema mimi ningekuwa Mhindi ningekuwa na maduka. Kisha akasema, "Sita," akaenda kuvaa koti la ofisini.

Jina lilipelekwa. Haikupita wiki nne nikaitwa nichukue ufunguo. Rasoa alikuja siku hiyo hiyo na kila alicho nacho kwenye kikapu kimoja, na tukaenda pamoja kwenye mistari ya wenye ndoa, nyumba za mawe zenye paa la bati, mlango na dirisha, mlango na dirisha. Ilikuwa jioni, jua linakwenda. Askari wa mistari alitembea mbele yetu akipiga funguo pajani. Akafungua, akatuambia vitu vilivyomo tusukume tu nje.

Mafiga yalikuwa na moto chini ya majivu. Juu yake sufuria ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya Wakikuyu, imefunikwa, na nilipoigusa ilikuwa bado na joto. Kitanda cha kamba. Sweta ya mtoto imetundikwa kwenye msumari, mkono mmoja umegeuka ndani nje, kama iliyovuliwa kwa haraka. Askari akasema lori lilikuja mchana.

Rasoa alikuwa hajaingia. Alimuuliza jina la mwenye chumba. Askari akamuuliza jina la nini. Akasema ili wakirudi ajue ni nani wa kumpa sufuria yake. Yule mtu akafikiri, na nadhani kweli alijaribu kukumbuka, kisha akasema anajua namba ya chumba tu, akaenda zake. Rasoa akakaa kizingitini, miguu nje. Nilimwambia aingie. Nilimwambia tumekitafuta chumba hiki mwaka mzima, nikamwambia tukikiacha kesho atapewa mwingine na hao wenyewe hawatarudishiwa kwa sababu yetu. Yote yalikuwa kweli, na miguu yake ikabaki nje. Kisha king'ora cha kafyu kikalia, na baada ya king'ora hukuruhusiwa kukaa hata kizingitini. Nikamshika kwapani nikamwinua, tukaingia, nikafunga mlango.

Tuliishi humo miaka saba. Binti yetu wa kwanza alizaliwa humo, mzima, na macho mawili tu. Kesho yake ya kuhamia Rasoa aliimwaga ile githeri, akaisugua sufuria kwa majivu, akaipindua nje kando ya mlango, na sweta imekunjwa chini yake. Kila siku aliifuta vumbi akairudisha pale pale. Majirani walidhani ni dawa. Asubuhi moja, mtoto akiwa ameanza kutambaa, tuliamka tukakuta nafasi tupu. Mimi nilikuwa najua soko la Thika, na nilijua sufuria iliyoibwa ya ukubwa ule inauzwa wapi na watu wa namna gani. Lakini alikuwa amesimama akitazama alama ya duara iliyobaki ardhini, nikaona nimpe neno la kumtuliza, hata la uongo. Nikamwambia huenda mwenyewe alipita alfajiri akaichukua.

"Zakayo," akasema, bila kugeuka, "mimi usinifanyie biashara."